Sifa za Ng'ombe Asiye na Pembe

Nimewahi kuandika shairi refu kuhusu bahari, na bahari sijaiona hata siku moja. Nimeandika pia kuhusu jangwa, kuhusu theluji, na kuhusu mwanamke mwenye macho ya paa, ingawa paa mwenyewe nilimwona kwenye kalenda ya duka la dawa, tena kageuza kichwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametuambia kwamba shairi lazima liwe na uzito. Mimi nikaelewa kwamba shairi zuri ni lile ambalo likisomwa watu wanatazamana. Basi nikaandika vitu vizito sana. Nikivirudia wiki moja baadaye, najiuliza huyu aliyeviandika alikuwa na homa ya aina gani.

Niliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari, bila kugombana na mtu. Sasa nashona nguo hapa Gisenyi, Rwanda, mpakani na Congo, kwenye mtaa wetu wa Waislamu, barazani kwa mama mkubwa, yaani dada wa mama yangu aliyenilea. Tuna cherehani tatu: moja yake, moja yangu, na moja ambayo ilikufa zamani lakini mama mkubwa hataki tuizike. Anaiwekea kitambaa cha kuzuia vumbi kila jioni kama mgonjwa.

Mashairi yangu ya kweli yalianzia ndani ya mifuko ya suruali. Mfuko una kitambaa cheupe cha ndani ambacho hakuna anayekitazama; ni mkono tu unaoingia humo. Siku moja nilikuwa nafunga mfuko wa koti la bwana mmoja wa ofisini, na uzi ukabaki kwenye kibobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, nikaona ni dhambi kuutupa. Nikamshonea mstari: *Mwenye koti hili hukohoa kwanza, halafu hudanganya.* Alilipa, akakohoa, akaniambia koti limemkaa vizuri kuliko la mtu yeyote pale kazini.

Baada ya hapo sikuweza kuacha. Kuna mama mmoja anayepeleka nyanya Goma na kurudi na vitenge. Ndani ya mfuko wa aproni yake niliandika kwamba huyu huvuka mpaka mara nne kwa siku na bado hajui anataka kukaa upande gani. Kuna mzee wetu wa msikitini ambaye akishika kipaza sauti hata watoto wanaanza kuzeeka. Kanzu yake inabeba dua fupi: *Ee Mola, mfupishie hotuba.* Mpaka leo haijajibiwa, lakini mimi sijakata tamaa. Usione kuwa nilikuwa jasiri. Nilikuwa mwoga. Yale niliyoyaamini juu ya watu, mazuri na mabaya, sikuweza kuwaambia machoni, basi niliyaweka mahali ambapo vidole vyao vingeyagusa bila kujua.

Mama mkubwa aligundua koti moja liliporudi kubadilishwa zipu. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena, kisha akarudi kushona mpaka baada ya sala ya alasiri. Ndipo akaniuliza kama na yeye nimemwandika. Nikainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka. Akageuza mfuko wa aproni yake. Mlikuwa na maneno matatu: *Hugomba ili asilie.* Aliniambia nimeharibu uzi mzuri wa watu. Lakini ule mstari hakuufumua, na mimi niliona hakuufumua.

Sasa mleteni muuza maziwa, maana habari hii ni yake.

Huyu ni kijana wa Mudende, kule juu kwenye baridi na viazi. Kila asubuhi alikuwa anashuka na baiskeli yenye mabidoni mawili, yaani madumu, ya maziwa. Moja lilijaa maziwa ya majirani zake, kwa ajili ya migahawa. La pili, dogo, lilikuwa la ng'ombe wake mwenyewe, na humo ndimo alimotupimia sisi. Alizaliwa Congo, akarudi mdogo na mama yake. Baba yake alikuwa ameshafariki. Ni mtu wa maneno machache. Kwa miaka minne alikuwa anasema "Muko salama?" na "Bon, kesho", na katikati anamimina.

Alileta koti lake nibadilishe bitana. Nilifikiria sana nimwandikie nini, halafu nikaandika: *Huyu huamka kabla ya muadhini, na sifa anachukua muadhini.* Siku tatu zikapita. Siku ya nne akaja bila mabidoni, mfuko wa koti umegeuzwa nje, unaning'inia kama ulimi. Nikajua nimekwisha. Nikasukuma mkasi mbali naye na mbali nami.

"We fundi," akasema, "ni we uliandika hii?"

Nikamwambia ulikuwa mchezo tu, kama haukumpendeza ninaufumua sasa hivi.

"Hapana, acha. Donc unajua kumutazama mutu." Akakaa kwenye benchi. "Mi nataka uniongelee ng'ombe."

Kwa msomaji wa mbali niseme kidogo. Siku ya mahari huku kwetu, ng'ombe haletwi kimya kimya kama gunia la sementi. Pande mbili zinakaa zinatazamana, wasemaji wanatupiana maneno ya kiungwana na ya uongo, halafu anasimama mtu mmoja mwenye fimbo, amejifunga kitambaa begani kama mchungaji, anamsifu yule ng'ombe kwa mashairi. Mzee wa bibi harusi akiridhika anatamka kwamba amepokea, na hapo ndoa ina miguu. Asipotamka, mnarudi na ng'ombe wenu.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Wengi wanaleta bahasha. Wengine wanakodi ng'ombe wa siku moja, na wako ng'ombe huku kwetu ambao wamehudhuria harusi nyingi kuliko padri. Wasifaji nao wanakodiwa, kila mmoja na shairi lake moja analokwenda nalo kila mahali, lenye pembe zinazokwaruza mawingu. Ng'ombe aliyesimama pale ni wa maziwa, wa kisasa, pembe zilichomwa akiwa ndama, kichwa laini kama sufuria. Hakuna anayeuliza. Watu wanapiga makofi, wanasubiri soda.

Tatizo la muuza maziwa lilikuwa baba mkwe. Msichana anatoka Kanama, na baba yake ni mzee aliyefuga ng'ombe miaka mingi kwenye vilima vya Congo kabla ya kurudi. Mzee huyo alikuwa amesema mapema kwamba hataki bahasha, hataki ng'ombe wa kukodi, na hataki mdomo wa kukodi. Anataka ng'ombe aliyefugwa na huyo kijana, na mtu anayemjua ng'ombe huyo amsimamie. Mchumba wa kwanza wa msichana alirudishwa na mzee huyo huyo, kwa sababu msifaji alisema ng'ombe ni mwekundu na ng'ombe alikuwa kijivu. Msichana amekaa miaka miwili akimngoja muuza maziwa ajipange. Na muuza maziwa ana ng'ombe mmoja. Yule yule wa bidoni dogo. Akirudishwa, hana mwingine wa kurudi naye.

Nilimkumbusha kwamba mimi ni mtu wa mjini, Mwislamu, fundi cherehani, na uhusiano wangu na ng'ombe ni wa siku ya Idi, tena akiwa kwenye sahani. Nikamuuliza kwa nini asiseme mwenyewe.

"Siku ile mi sifungue mudomo," akasema. "Bwana harusi anakaa tu, sawa sanamu. Wajomba yangu hawamujue huyu ng'ombe. We umekunywa maziwa yake miaka mine. Nani anamujua kukushinda?"

Mtu akikuambia wewe ni mshairi, hata kama ana matope mpaka magotini, unakubali. Nilikubali kabla hajamaliza.

Hapo ndipo ujinga wangu wa zamani ulirudi wote, na mizigo yake. Kinyarwanda tunakiongea nyumbani, lakini Kinyarwanda cha ng'ombe ni kingine, cha kale, kina kina kirefu, na mimi nikiingia humo nazama mpaka masikioni. Nikaanza kusikiliza wasifaji kwenye simu. Nilichukua pembe kwa huyu, kwato kwa yule, macho kwa wa tatu, nikaunganisha kama tunavyounganisha vipande vya vitenge kutengeneza shuka. Ng'ombe aliyetoka humo alikuwa wa ajabu. Alikuwa mwekundu, mrefu, anatembea kama binti wa mfalme, na pembe zake zingemzuia kupita mlango wowote wa nchi hii.

Niseme ukweli wote: nilikuwa nimekwenda kumwona. Nilipanda Mudende Jumapili moja, nikatetemeka kwa baridi, nikazama kwenye matope ya zizi na viatu vyangu vya Idi. Ng'ombe alikuwa mweusi na mweupe. Sikio la kushoto lilikuwa na hereni ya plastiki ya njano, ya namba. Alinitazama kama mteja anayejua nimechelewesha nguo yake. Utepe wangu wa kupimia ulikuwa bado shingoni, kwa mazoea. Akaunyakua, akautafuna polepole, na tulipofanikiwa kumnyang'anya ulikuwa umepungua sentimita kumi na mbili za mwanzo. Muuza maziwa aliomba radhi kwa niaba yake. Halafu akaweka paji la uso wake ubavuni mwa ng'ombe, akaanza kukamua, na wote wawili wakafumba macho.

Nilirudi mjini, nikawasimulia watu wote habari ya utepe, wakacheka mpaka wakashika ukuta. Kisha nikakaa chini kuandika shairi, na hata neno moja la hayo sikuliweka. Niliona si mambo ya shairi.

Mama mkubwa alinisikiliza nikifanya mazoezi barazani. Alikata uzi kwa meno, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hiyo ndiyo sauti ya sanaa. Akasema huyo ng'ombe mwenye pembe hamjui, labda ni wa jirani. Yeye anamjua wa maziwa yake. Nilimwona hajasoma. Mimi niliyeishia mwaka wa tatu, nilimwona hajasoma.

Siku ikafika. Tulipanda Kanama asubuhi na mapema, na uwanja wa mzee ulikuwa umepambwa hema mbili zinazotazamana, na migomba nyuma yake ikichungulia kama watu wasioalikwa. Wanawake walikuwa wamevaa mishanana yao, ile nguo ndefu ya sherehe inayofungwa bega moja, na mimi kwa tabia ya kazi nilishaona mishono mitatu iliyoachia. Muuza maziwa alikaa mbele upande wetu, ndani ya suti niliyomshonea mwenyewe, hatikisiki. Msichana alikuwa bado ndani ya nyumba, kama desturi inavyotaka, lakini pazia la dirisha lilikuwa linatikisika hata pasipo na upepo.

Msemaji wa upande wetu, mzee mmoja mnene wa Mudende mwenye sauti ya kukodi, alishindana maneno na msemaji wao muda mrefu. Alisema sisi tuna makundi ya ng'ombe yanayofunika vilima, hatujui hata idadi, na leo tumeona tuwaletee huyu mmoja tu, wa kuanzia. Hiyo ni desturi, kila mtu husema hivyo. Nikaitwa. Ng'ombe akaletwa mpaka ukingoni mwa hema, ana utepe mwekundu shingoni, hereni yake ya njano inang'aa.

Nikashika fimbo, nikaitoa ile sauti ya msiba, nikaanza na pembe. Nilisema pembe hizi zimepinda kama mwezi, zimechoma anga, ndege wanazitumia kupumzika. Nilikuwa bado kwenye ndege wale baba wa msichana alipoinua mkono. Ni mzee mwembamba, kofia ya sufu, macho madogo. Hakupaza sauti.

"Simama kwanza, kijana," akasema kwa Kiswahili cha kule walikotoka, maana alikuwa ameshanisikia nikichechemea kwenye Kinyarwanda. "Hizo pembe ziko wapi?"

Hema zima likamgeukia ng'ombe. Na mimi nikamgeukia, kama mtu anayetumaini zimeota njiani. Kichwa chake kilikuwa kile kile cha sufuria. Mtu upande wao akacheka puani, na msemaji wetu akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Nilisema sitaki mudomo ya kukodi," mzee akaendelea. "Wa kwanza aliniletea rangi. Huyu ananiletea pembe."

Nilimtazama muuza maziwa. Alikuwa amekaa vile vile kama sanamu, isipokuwa mkono mmoja. Ulikuwa ndani ya mfuko wa suti, na nikaona kwamba vidole vyake vimeshika kile kitambaa cheupe cha ndani. Humo nilikuwa nimemwandikia pia, lakini hayo ni yake, sitayasema. Alikuwa anayasoma kwa vidole. Basi shairi lote la vipande vya watu likanitoka kichwani, na sikuwa na lingine ila lile la mifukoni.

"Mzee, pembe hana," nikasema, kwa Kiswahili changu, kwa sauti yangu ya barazani. "Nilizileta mimi, nimezirudisha. Huyu ni mweusi na mweupe, kama ukuta wa mtu aliyeanza kupaka rangi akaitwa kula. Ana hereni moja, ya plastiki, na anaivaa kama ya dhahabu. Alikula utepe wangu wa kupimia, sentimita kumi na mbili, na tangu siku hiyo kila mtu ninayempima Gisenyi namwanzia kumi na tatu. Mama yangu mkubwa alipougua tumbo, mwezi mzima hakushusha kitu ila maziwa ya huyu. Daktari alichukua sifa. Huyu yuko Mudende anatafuna majani, hajui kwamba huko chini kuna mtu anapona kwa ajili yake."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini nilikuwa nimefunguka kama bomba bovu.

"Na makundi hatuna, mzee. Bwana harusi anaye huyu tu. Huyu kijana anamwekea paji la uso ubavuni kila alfajiri, wanafumba macho wote wawili. Leo ukimpokea, kesho ataamka saa zile zile, atasimama kwenye zizi, na hatajua mikono yake aiweke wapi."

Nilipofunga mdomo niliona uso wa msemaji wetu, ndipo nikaelewa nilichofanya. Siku ya mahari bwana harusi ana ng'ombe wasiohesabika. Hata awe na kuku mmoja, ana ng'ombe wasiohesabika. Mimi nilikuwa nimemvua rafiki yangu nguo mbele ya wakwe zake, tena nguo niliyomshonea mwenyewe. Na kibaya zaidi, kama umesikiliza vizuri, nilikuwa nimekaribia kumwomba mzee asimchukue ng'ombe. Pazia la dirisha lilikuwa limesimama.

Mzee akaniuliza: "Huyu ng'ombe analala upande gani?"

Ningeweza kubahatisha, pande ni mbili tu. "Sijui, mzee," nikasema. "Mimi ni fundi cherehani."

Upande wao ukacheka, na yeye hakucheka. Akamgeukia bwana harusi, jambo ambalo halifanyiki, na kumngoja. Msemaji wetu akataka kujibu. Mzee akamzuia kwa kidole kimoja. Mpaka hapo muuza maziwa alikuwa hajafungua mdomo siku nzima.

"Kuliani, baba," akasema, polepole sana. "Kushoto iko na kidonda ya zamani. Ilipona, lakini yeye hajasahau."

Mzee alisimama. Akatoka kivulini na kofia yake, akaenda mpaka kwa ng'ombe, akapitisha mkono ubavuni kushoto, chini ya yale mabaka, mpaka mkono ukasimama mahali. Ukakaa hapo. Sisi wote tulikuwa tunautazama mgongo wake.

"Mi nilikuwa na moja kule," akasema, na sijui alikuwa anamwambia nani. "Nilimuacha siku tulitoka. Yeye alikuwa analala kushoto."

Halafu akaanza kumsifu huyo wa kwake. Kwa Kinyarwanda, kile cha kale, lakini hakikuwa na pembe kwenye mawingu. Kama nilivyoelewa, na sikuelewa yote, alisema juu ya ng'ombe aliyeogopa radi, aliyependa chumvi kutoka mkono wa kushoto tu, aliyejua sauti ya mke wake kuliko yake. Alisema kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyomo chumbani. Sauti haikupanda wala kushuka. Wazee wawili wa upande wao wakainamisha vichwa, na mimi, fundi wa mifuko, nikasahau kwamba nimeshika fimbo ya watu.

Alipomaliza alimpa ng'ombe wetu jina. Siliandiki, ni la kwao. Kisha akageuka, akasema, hema zote mbili zikasikia, kwamba amepokea.

Kelele zilizofuata sitazieleza. Nitasema tu kwamba ng'ombe, ambaye alikuwa amevumilia mengi, alichagua wakati huo kuinua mkia, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Viatu vyangu vya Idi vilipata mara ya pili. Mzee akaniambia hiyo ndiyo sahihi yake, sasa karatasi imekamilika.

Tulipokuwa tunaondoka, muuza maziwa alikwenda kwenye kigingi alipofungwa ng'ombe. Alimwambia kitu sikioni, lile la hereni. Sikumuuliza nini. Karibu na kituo akasema, "We fundi, uliniaibisha kabisa," na akanishika bega, na hakuutoa mkono mpaka tulipofika.

Tangu siku hiyo watu wawili wamekuja barazani kutaka niwasifie ng'ombe. Wa kwanza nilimwomba anipeleke nimwone. Akaniletea picha kwenye simu, na ng'ombe wa kwenye picha nilimtambua, wa kukodi, mstaafu. Nilimwambia ninashona suruali tu. Wa pili bado ninamfikiria. Ng'ombe wake ana kwikwi.

Harusi yenyewe ilifungwa kesho yake ya mahari, Jumapili. Asubuhi ya Jumatatu nilifungua cherehani nikiwa najisikia mtu mkubwa. Baiskeli ikafika saa ile ile. Muuza maziwa alikuja na bidoni moja tu, la majirani, na macho ameyaweka chini.

"Muko salama?" akasema, akamimina.

Mama mkubwa alichemsha, akatia majani na tangawizi, akanywa kidogo, akaiweka chini. Chai ilikuwa na rangi ya maji ya kusuuzia. Maziwa ya bidoni dogo yalikuwa Kanama, kwenye zizi la mzee wa kofia ya sufu, na aliyeyapeleka huko ni mimi, kwa mdomo wangu.

Muuza maziwa akaeleza kwamba mzee ameahidi ndama wa kwanza jike atarudi kwao, yeye na mke wake, kama desturi. Ng'ombe ana mimba ya miezi mitano. Alivyosema "mke wangu" alipotea kidogo katikati ya neno, akacheka peke yake. Nikamuuliza alfajiri hii aliamka saa ngapi. Akasema saa zile zile. Alisimama kwenye zizi, mke wake akamfuata na shuka, wakasimama wote wawili.

Mama mkubwa alikuwa anasikiliza huku mkono wake umezama kwenye mfuko wa aproni. Akasukuma kikombe changu karibu yangu.

"Ulimsifu vizuri," akaniambia. "Haya, sasa kunywa shairi lako."

Nikalinywa. Nikaongeza sukari.